Asali Niliyorudi Nayo Kutoka Mutomo

Alhamisi. Jua limekuwa kali tangu asubuhi, na vumbi la Mutomo bado liko kwenye viatu vyangu.

Nimekosa ile kazi ya maabara katika hospitali ya Mutomo. Naandika hivyo mapema ili nisizungukezunguke.

Baada ya mahojiano mwezi uliopita nilikaa kimya. Si kwamba sikuitaka kazi. Niliitaka hadi nikawa nalala na simu mkononi. Lakini kwetu mtu hamwendei mkubwa hivi hivi. Mama alisema mkono mtupu haulambwi, nisubiri mjomba arine asali ndipo niende kuuliza. Mimi, na diploma yangu, nikaona hiyo ni busara.

Leo nimeipeleka, chupa nzima, nimeifunga vizuri kwa gazeti. Metroni aliyenihoji ni mama wa makamo, mpole. Aliitazama chupa, akainuka, akaufungua mlango wote ili waliokuwa nje watuone. Hapo ndipo nilipoelewa nimeleta nini: kitu kinachofanana na hongo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Rudi nayo, mwanangu," akasema. "Wewe na mwenzako tuliyemchukua mlikuwa mnatoshana. Yeye alipiga simu wiki hiyo hiyo, akashukuru, akauliza tutaamua lini. Wewe tukadhani ulipata kwingine."

Nikamuuliza kama ningeweza kupiga tu, bila kitu chochote.

"Kwani namba tuliwapea ya nini?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma.

Njiani nilimkasirikia Mama, kisha nikaacha, maana hakunifunga mdomo. Niliogopa kuuliza, nikauita woga wangu heshima. Asali ilinipa tu sababu ya kungoja.

Sasa kuna zahanati moja upande wa Kasikeu iliyonihoji juzi juzi. Nao nilikuwa nimewanyamazia. Jioni hii nimewaandikia barua pepe fupi: nawashukuru kwa muda wao, kazi bado naitaka, naomba kujua nitarajie jibu lini. Basi. Nimeituma kabla sijaanza kuirekebisha tena. Wakinyamaza, Jumatatu nitapiga simu na kutaja jina langu vizuri.

Bado naogopa kuambiwa hapana. Lakini leo nimeambiwa ana kwa ana, kwa kazi ambayo ingeweza kuwa yangu, na nimerudi nyumbani nikala ugali wangu, nikamaliza.