Wastani Umepanda

Ruiru, Jumanne

Dada Mbula,

Sisi tupo. Maji yamerudi, na mbegu za mchicha ulizonipa nikiwa kwako mtaani Landless zimeota. Simu sishiki kwa sababu kila anayepiga ananipa pole, ndiyo maana nakuandikia.

Leo nimerudi kufundisha. Unajua hesabu zangu huwa nazitunga na watu wa nyumbani, ili watoto wasiziogope. Nikaandika ubaoni: wastani wa umri wa watu wanne ni miaka 21. Mmoja ametoka, wastani umekuwa 27. Tafuta umri wake.

Ishita akainua mkono. "Mwalimu, mtu ametoka na wastani umepanda?"

"Hupanda," nikamwambia, "aliyetoka akiwa mdogo."

Akaandika 84 kutoa x ni sawa na 81. Akapata tatu. Nikamtia tiki.

Kyengo wangu angefikisha miaka minne mwezi ujao. Viatu vyake bado viko mlangoni, baba yake hataki viguswe.

Kwa hesabu hiyo, Dada, siku tuliyomzika, sisi watatu tuliobaki nyumbani tulizeeka miaka sita. Nimeirudia mara mbili. Jibu ni lile lile.

Ni mimi mdogo wako,
Dianah