Kishikwambi Kilichokwenda Bunda

Kamunyonge,
Musoma.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Fredi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wifi yangu Hyasinta, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua umetulia. Sisi tupo. Mvua zimekatika, vumbi limerudi, na mihogo ya kule nyumbani Butiama imekubali mwaka huu. Shangazi Rhobi alituletea madebe mawili ya udaga wa mihogo hiyo juzi, akakaa na Mama siku nzima. Binti yangu Miriamu bado anafundisha Bukima, anakuja kila Ijumaa na dagaa wake kwenye mfuko.

Utashangaa nimeandika kwa mkono na kuipeleka posta kama watu wa zamani. Nimeona kwenye simu unasoma mstari wa kwanza tu, halafu unaniwekea kidole gumba. Karatasi haina kidole gumba. Kaa chini uisome yote.

Wiki ya Pentekoste uliniandikia hivi, nayanakili maneno yako: "Dada, hivi hicho kishikwambi kina nini ambacho simu na laptop hazina, mpaka ndugu mfikie kutosalimiana?" Umeuliza kwa kuwa kaka Jastin amekupigia na kukwambia nimegombana naye kwa sababu ya kidude cha kuchezea. Sikukujibu siku ile. Ningekujibu siku ile, ningeandika matusi. Leo nimetoka misa ya kwanza, nimepoa kidogo, nakujibu.

Kwanza nikiri. Hata mimi niliuliza swali hilohilo. Kilipofika Novemba nilikasirika sana, ila sikukwambia. Mama alikuwa na mwezi wa nne tangu kiharusi kimpige, upande wa kulia haufanyi kazi, ulimi umefungwa kabisa. Tulikuomba uje. Ukatuma boksi kutoka huko ng'ambo. Nikalifungua, nikaona simu kubwa isiyoingia kwenye pochi, au niseme laptop isiyo na vitufe. Nikakitia juu ya kabati, chini ya vitenge, kikakaa huko hadi baada ya Noeli.

Aliyekitoa ni Benedikta. Humjui. Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali hapa mjini, anakuja kumnyoosha Mama mkono na mguu kila Jumanne. Siku moja aliniambia wagonjwa wasioweza kusema wanaweza kuwekewa picha kwenye kioo, wakibonyeza picha, inatoa sauti. Tukaanza na simu yangu. Picha zikawa ndogo mno, na mkono wa kushoto wa Mama, uliobaki mzima, unatetemeka. Akitaka maji anaangukia choo. Tukajaribu laptop ya Miriamu. Ile ukimwekea mapajani inamlemea na inamchoma, ukiiweka mezani haifikii, na kale kamshale Mama hakukaelewa wala hakukataka. Alikageuzia uso kama anavyomgeuziaga uso mtu mwongo.

Ndipo Benedikta akauliza, "Mama Miriamu, hapa nyumbani hamna kishikwambi?"

Nikakumbuka kabati.

Walikaa na Miriamu siku mbili wakipiga picha. Siyo picha za kununua, ni za humu ndani: kikombe chake cha bati, kitanda chake, choo chetu, rozari, dirisha, blanketi lake, mimi, Jastin, wewe. Na ukurasa mmoja wa mwili: kichwa, jicho, sikio, kifua, tumbo, mguu. Kila picha ukubwa wa kiganja. Sauti nikaweka mimi, kwa Kizanaki chetu, maana Kiswahili Mama alikuwaga anakitumia sokoni tu. Tukamwekea mapajani, juu ya mto, akakitazama muda mrefu.

Unajua alisema nini mara ya kwanza? Alibonyeza uji. Halafu akabonyeza hapana. Nikadhani ameshiba. Akarudia: uji, hapana. Uji, hapana. Kumbe Fredi, miezi yote hiyo nilikuwa namnywesha uji wa ulezi kila asubuhi na hautaki! Alikuwa anaumeza kwa sababu hakuwa na namna ya kuukataa. Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia. Kuanzia kesho yake akawa anakula viazi vitamu na maziwa ya mgando, akanenepa hadi Benedikta akasema.

Picha yako aliibonyeza kuliko zote. Nilikuwa naosha vyombo nje nasikia sauti yangu mwenyewe ndani ikisema Fredi, Fredi, Fredi. Tukikupigia ulikuwa unaendesha gari, au unaingia kazini. Ulipokea mara mbili kuanzia Januari hadi Pasaka. Sikuhesabu kwa ubaya. Ni kwamba yeye alikuwa anakuita wewe tu kutwa nzima, na mimi ndiye niliyekuwa nikimweleza kwa nini haitiki mtu.

Jumatatu ya Pasaka kaka Jastin akaja kutoka Bunda kutusalimia. Alimkuta Mama na kishikwambi mapajani. Akakichukua mikononi mwake, akakuza picha kwa vidole viwili, akakigeuza huku na huku. Akasema hiki ndicho anachokitafuta kwa ajili ya wateja wake wa ujenzi, wanataka kuona ramani za nyumba pale pale kiwanjani, na kwenye simu hazionekani, na laptop juani haisomeki na huwezi kuibeba huku unapanda ngazi. Nikamwambia hicho ni cha Mama. Akasema ni cha Fredi, tumuulize mwenyewe.

Akakupigia, akaweka sauti ya nje. Nakukumbusha ulichosema, labda umesahau kwa kuwa ulikuwa na haraka. Ulisema, "Chukua tu kaka. Mama atatumia simu ya dada, si ni kitu kilekile."

Mama alikuwa pale kwenye kiti, hatua mbili kutoka kwenye simu. Mama hasemi, Fredi. Anasikia.

Nilimshika Jastin mkono mlangoni. Nikamwambia, "Kaka, utakuwa umemziba mdomo."

Akasema, "Wiki mbili tu, Gaudensia. Unakuza mambo." Akapanda pikipiki.

Miriamu akahamishia picha zilezile kwenye simu yangu, sauti zilezile. Ulisema kweli, kilichomo ndani ni kilekile. Ila ule ukurasa wa mwili uliokuwa unajaa mapajani sasa unakaa kwenye kiganja changu, na kichwa, jicho na sikio vimebanana kama vifungo vya shati. Tena simu ni yangu. Nikienda na mahindi mashineni, au nikienda Mukendo kuchukua vitambaa vya kushona, nimeondoka na mdomo wake.

Wiki ya tatu baada ya Pasaka Mama akaanza kutapika. Hakula. Analia bila sauti, machozi tu. Nikamshikia simu, nikamuuliza unaumwa wapi. Kidole kikatetemeka, kikaangukia kichwa. Nikamuuliza tena. Kichwa. Safari ya tatu sikio, safari ya nne kichwa. Nikamuuliza kwa mdomo, Mama, ni kichwa? Akatikisa kichwa kukubali, lakini tangu augue Mama hutikisa kwa kila swali, hata ukimuuliza kama yeye ni askofu. Akainua mkono kujigusa, ukaishia kwenye paji la uso.

Basi nikamtibu kichwa. Panadol. Zahanati wakapima malaria, wakaona wadudu kidogo, wakatupa dozi. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, nililiona. Nikasema ni kulia. Nikasema ni vumbi. Nalipanguza kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu nikimwimbia, na yeye anauma midomo.

Siku ya tisa aliipiga simu ikaruka ikaanguka chini. Hakuwa amewahi kupiga kitu maishani mwake, unamjua. Nilimwachia jirani, nikaenda Bunda bila kumpigia mtu.

Jastin nilimkuta kwenye jengo, kishikwambi kiko juu ya rundo la matofali, kimejaa saruji kwenye kingo. Nikakichukua. Nikakiwasha nitafute ukurasa wa mwili. Hakuna. Hakuna kikombe, hakuna dirisha, hakuna sauti yangu. Ramani tupu za nyumba, na video za mpira.

Nikamuuliza, "Vya Mama viko wapi?"

"Nilifuta. Nilihitaji nafasi. Si mnavyo kwenye simu?"

"Mama anaumwa siku ya tisa, hawezi kusema wapi."

"Malaria, si uliniambia?" Halafu mbele ya mafundi wake akasema, "Nirudishie nimalize na huyu mteja, Ijumaa nitakuletea mwenyewe."

Nilikitia ndani ya kanga nikakifunga mgongoni kama mtoto, nikatembea hadi stendi. Mafundi walicheka. Jastin hakucheka, hakunifuata pia. Tangu siku ile hatujasalimiana.

Jioni hiyohiyo Miriamu alikuja kutoka Bukima, Benedikta akaja na sare yake ya kazi, tukatengeneza ule ukurasa wa mwili peke yake, kwa sauti zilizobaki kwenye simu yangu, na neno moja zaidi, maumivu. Tukamwekea juu ya mto. Mama hakutafuta. Aliweka kidole juu ya jicho akakibakiza hapo. Jicho. Maumivu. Jicho. Jicho. Sauti ni yangu, Fredi, mimi ndiye niliyekuwa nasema jicho, jicho, kwa sauti ya furaha niliyoiweka mwezi wa kwanza tulipokuwa tunacheka.

Kesho yake hospitali, keshokutwa Mwanza kwa rufaa. Daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Akaeleza kwamba ni presha ya jicho, ile inayopanda ghafla, na maumivu yake watu wazima hupiga kelele, ndiyo kutapika kule. Akauliza imeanza lini. Nikamwambia siku kumi na moja. Akaandika. Mwisho akasema, "Mngemleta siku ya kwanza au ya pili, mama." Walimpa dawa, maumivu yakaisha, na jicho la kushoto wamelitibu mapema lisije likafuata. La kulia limekufa. Haoni hata mwanga.

Hayo Jastin hakukwambia, kwa kuwa hayajui. Alikata simu zangu zote. Wewe nilikuandikia "Mama amepata shida ya jicho," ukaweka kidole gumba.

Sijiondoi. Mimi ndiye niliyeliona jekundu nikalipanguza. Hilo nitalibeba mwenyewe na nimeshaliungama. Lakini umeuliza kishikwambi kina nini zaidi, na nimekujibu. Kwako pengine hakina kitu. Una simu mfukoni na laptop ofisini, cha tatu utakiweka kabatini kama nilivyokiweka mimi. Mimi mwenyewe sikihitaji. Jastin aliijua faida yake siku ya kwanza tu alipokishika, ndiyo maana alikitaka. Hakusema ni kitu kilekile na simu yake. Ni kwa Mama tu ndipo kilipokuwa kitu kilekile.

Wala usitume kingine kumpoza Jastin. Sitaki maboksi.

Tumemrudishia Mama picha zote, safari hii kubwa zaidi, mbili mbili kwa ukurasa, kwa kuwa anatazama kwa jicho moja na anageuza shingo kama kuku. Nilikaa siku tatu kabla ya kuweka yako. Miriamu ndiye aliyeniambia, "Mama, hiyo siyo juu yako." Nikaiweka.

Jana nilimwambia nakuandikia barua, nikamuuliza nikwambie nini. Nilitegemea hasira. Kwa kweli niliitamani. Kuna picha ya ngumi pale, Benedikta aliiweka kwa ajili ya mambo kama hayo, na anaijua vizuri, mimi huniwekea nikichelewesha chai.

Alichukua muda. Akabonyeza Fredi. Akapekua, akabonyeza baridi. Akapekua tena, shingo imepinda, akabonyeza blanketi. Nikasema, Mama, unasikia baridi? Akabonyeza hapana. Akarudia kutoka mwanzo: Fredi, baridi, blanketi. Halafu akaanza kulivuta lake la kitandani kwa mkono mmoja anipe.

Mimi nisingekuuliza habari za baridi, mdogo wangu, na huko kwenu najua ni kiangazi. Lakini nimetumwa niandike, nimeandika. Blanketi nimemrudishia miguuni, halafu nikamdanganya kwamba nimelituma.

Shangazi Rhobi anakusalimu, na Miriamu, na Benedikta ambaye hujamwona lakini anaijua sura yako kwa kubonyezwa kwake. Msalimie sana Hyasinta, nguo aliyonitumia imenitosha. Mungu akulinde barabarani na akupe moyo wa kupokea simu. Mama Maria akufunike pale sisi tusipofika.

Dada yako akupendaye hata leo hii,

Gaudensia