Jina Halikupatikana

Jumatatu, 3 Machi

Ameniibia mchana kweupe. Mbele ya mkurugenzi, mbele ya madaktari, mbele ya macho yangu mwenyewe. Bosi wangu — huku kitengo cha kompyuta tunamwita Bwana Slaidi, maana bila slaidi hana neno — alisimama akaeleza mfumo wa dawa wa hospitali "nilivyoujenga". Nilivyoujenga! Miezi kumi na minne niliyokaa na ile seva, kompyuta inayoendesha mfumo wote, mimi, yeye hajui hata nenosiri lake.

Kisha mkurugenzi akauliza kwa nini mfumo ulizimika mwezi uliopita. Slaidi akanitupia jicho. Eti kuna watu wanagusagusa vitu. Eti kuanzia leo hakuna kubadilisha chochote kwenye seva bila idhini yake ya maandishi.

Aliyeuzima ni yeye. Alichomoa waya apate pa kuchajia laptopu.

Madaktari wakanitazama. Mimi nikatazama meza.

Jumanne, 4 Machi

Usingizi haba. Shangazi, ninayeishi naye, anasema niende kwa mkurugenzi nikaseme ukweli. Shangazi amestaafu uuguzi, bado anaamini ofisi za wakubwa. Nikaseme nini? Kwamba mimi ndiye niliyeujenga? Nitaonekana mwenye wivu.

Namtaka aaibike. Si kidogo. Mbele ya watu walewale.

Jumatano, 5 Machi

Barua pepe kutoka juu: Jumapili data zote za dawa zinahamishiwa mashine mpya. Ya zamani itazimwa. Nimeisoma mara tatu, moyo unacheka.

Niandike jinsi ilivyo rahisi. Programu ya dirisha la dawa haijui data ziko wapi. Inajua jina tu. Inaiuliza seva: huyu yuko wapi? Seva inaangalia orodha yake ya majina, inajibu: mashine ile pale. Na kuna kazi niliyoipanga ifanyike kila seva inapowaka, kabla ya kitu kingine chochote — iite jina hilo, ipakie orodha ya wagonjwa wenye mzio na dawa wasizopaswa kupewa. Isipopata jibu, programu haifunguki. Niliifanya hivyo makusudi. Bora dirisha lifungwe kuliko mtu apewe dawa ya kumuua.

Sasa: orodha ya majina bado inaelekeza mashine ya zamani. Ni mstari mmoja wa kubadilisha. Dakika nne, pamoja na kuwasha upya.

Nimemwomba Slaidi idhini. Kwa maandishi, kwa adabu zote. Sentensi moja, katikati ya barua ndefu kuhusu printa.

Alhamisi, 6 Machi

Amejibu. Printa sawa, mengine yasubiri.

Yasubiri. Haya.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi aliniuliza naichekea nini sahani. Nikamwambia yote. Akaosha kikombe kilekile mara mbili.

"Na wale wa kwenye foleni wamekukosea nini?"

Nikamwambia watahudumiwa kwa makaratasi, kama zamani. Si ninyi mlifanya hivyo miaka yote?

"Tulifanya," akasema. "Na tulikosea. Mmoja bado namkumbuka sura."

Akaenda kulala bila kuniaga. Nimeudhika. Upande wa nani huyu?

Jumatatu, 10 Machi. Saa tatu asubuhi

Seva iliwashwa saa mbili kamili. Ikaita jina, ikakosa jibu, ikafunga mlango. Kama nilivyoifundisha. Skrini zote za dirisha la dawa: jina halikupatikana.

Foleni imefika kwenye ngazi. Slaidi ameshuka mwenyewe, tai begani. Amewasha upya mara tano, kila mara akiisemesha mashine kama ng'ombe mkaidi. Nilikuwa nimesimama nyuma na kikombe cha chai. Mkurugenzi akamuuliza, watu wote wanasikia: si ulisema umeujenga wewe?

Akabonyeza kitufe kilekile tena. Shingo yote jasho. Utamu wake niliusikia mpaka kwenye meno.

Saa nne kasoro

Amekuja chumbani kwangu. Mkurugenzi nyuma yake. Siku zote ananiita "wewe". Leo nimekuwa "dada yangu".

"Dada yangu, tafadhali. Unajua ilipo shida?"

"Najua."

"Basi itengeneze."

"Naomba idhini ya maandishi."

Nilidhani atapandisha sauti. Akavuta karatasi, akaandika amesimama. Akatia sahihi. Mkurugenzi akamwambia aongeze mfumo ulijengwa na nani. Akaongeza. Jina langu kamili, herufi kubwa. Wakatoka — yeye mbele, kichwa chini.

Kwa hiyo nimepata. Kila nilichokitaka, na zaidi. Faili liko wazi, mstari nauona. Na bado haijanitosha. Nilitaka aombe tena. Nilitaka abaki hapa aangalie.

Mfamasia amekuja mlangoni. Huyu hajawahi kunikosea. Ndiye pekee aliyewahi kunishukuru. Anasema kuna mzee wa wodi ya chini anatakiwa kuchomwa sindano sasa hivi. Kadi yake inasema ana mzio, haisemi wa dawa gani. Daktari anasema hawezi kungoja sana, atachagua kwa kubahatisha.

"Bado kidogo, dada?"

Nimemwambia bado kidogo.

Kisha nikafungua daftari hili.

Huko chini sauti zinapanda. Mfamasia hajaondoka. Ameegemea mlango, amekunja mikono, anautazama mkono wangu unavyokwenda. Hanisemeshi, asije akanikatiza. Anadhani haya ninayoandika ndiyo matengenezo yenyewe.