Kumbe Si Wafula

Jumanne jioni, Kitale

Kumbe si Wafula. Tangu asubuhi nayarudia maneno hayo, na bado nahisi kama mtu aliyeamshwa ndoto ikiwa katikati.

Afisa wa upelelezi alinieleza polepole. Sweta ya dada yangu Nekesa, waliyoihifadhi tangu alipouawa kule Endebess miaka ishirini iliyopita, imepimwa upya.

"Wakati ule hatungeweza, mama. Siku hizi tone dogo la damu linatosha kupata DNA."

Damu iliyokuwa kwenye mkono wa sweta ni ya mlinzi wa shamba jirani. Ameshikwa, na amekiri.

Wafula alikuwa mume wa Nekesa. Mimi ndiye niliyemwambia kila mtu kwamba ni yeye aliyemuua, hadi akahamia Bungoma.

Nilitoka kwa afisa nikaenda kwake moja kwa moja. Njia siikumbuki. Nakumbuka tu mahindi yakipita dirishani, kijani kibichi, na mwili wangu mwepesi kana kwamba nabebwa.

Nilimkuta uani akichambua maharagwe. Nywele zake zote ni nyeupe sasa. Nikapiga magoti.

"Shemeji, nilikukosea."

"Polisi walinipigia simu jana," akasema. "Nilikuwa nangoja tu kuona kama utakuja."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, Nekesa tulimlaza upande gani wa boma.

Hajui. Siku ya mazishi nilimfukuza langoni.

Jumamosi anakuja, nimwonyeshe. Sijui kama nitaweza kusimama kando yake.