Waya wa Shaba Kwenye Kitako

Abu Hamour, Doha
Machi 2011

Kaka Shomari,

Shikamoo. Mimi mzima, joto limeanza, na shuka ulizoagiza nimeshanunua. Kazi ni ileile: kumfutia tajiri wangu bunduki zake za kale za mitutu miwili na kuzipaka mafuta zisishike kutu.

Juzi ameletewa nyingine na dalali wake. Kitako kimepasuka, kimefungwa waya wa shaba. Waya ule niliukaza mimi kwa koleo, Baba akiwa amekishika.

Wewe uliniambia bunduki ya Baba ipo uvunguni mwa kitanda chake. Mwenyewe aliapa haitatoka nyumbani akiwa hai. Na siku hizi kila nikipiga simu, unasema amelala.

Bunduki sikuulizi, Kaka. Nikipiga tena, mwamshe Baba.

Mdogo wako,
Zuberi