Hakuna Aliyemsalimia Benadeta

Shinyanga, 4 Machi 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu ni kwako na kifua chako, maana vumbi la karasha la kusagia mawe halina huruma. Kidato cha tatu sasa tunasoma tamthilia ya zamani ya mapenzi.

Benadeta ana miaka kumi na sita, hana mama. Anampenda kijana aliyekwenda vitani. Baba yake anataka kumwoza kwa hakimu mzee, basi kila jioni anatoroka kwenda darajani kumngoja kijana, na baridi ni kali. Mwalimu Kudra ametuuliza nani mwenye kosa. Bwenini wote wanasema baba. Mimi sijui.

Shule inafungwa tarehe 31 Mei. Safari hii utakuja kunichukua? Tangu tumzike mama sijakuona. Kule Samuye kwa baba mkubwa nakaa tu kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Mwanao,
Justa

Machimboni, Geita, 22 Machi 2024

Kwa mwanangu Justa,

Marahaba, mayu wangu. Mimi sijambo, nakohoa asubuhi tu. Duara letu, shimo la dhahabu, limeingia maji, tunashinda tukiyavuta. Barua yako imekaa siku tisa mfukoni mwa utingo wa basi, ukurasa wa kwanza ukalowa wote, nimesoma wa pili peke yake.

Huyo mwenzako Benadeta amenikosesha raha. Mwambie asiende darajani. Mtoto asiye na mama haachwi kutembea jioni peke yake. Mwambieni matroni. Nimemtumia blanketi la kijani, mpe mkononi.

Habari ya kufunga shule, tutaona.

Baba yako

Shinyanga, 6 Aprili 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Blanketi limefika, mimi sijambo. Maji yamepungua?

Baba jamani! Benadeta ni mtu wa kitabuni. Alikufa kwa baridi pale darajani, ukurasa wa mwisho, miaka mingi kabla bibi hajazaliwa. Niliwasomea wenzangu barua yako, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye nikajifunika blanketi lake, nikalia. Mtu asiyekuwepo umemwonea huruma kwa sababu hana mama. Mimi umeniandikia "tutaona".

Nimekunakilia sehemu zote anazozungumza na baba yake. Nisaidie hilo swali.

Mwanao,
Justa

Shinyanga, 2 Mei 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Wiki nne sasa. Kila basi la Geita likipita nasikia honi yake hadi darasani. Kama nimekukosea kwa kucheka, nisamehe. Unaumwa?

Mwanao,
Justa

Machimboni, Geita, 11 Mei 2024

Kwa mwanangu Justa,

Marahaba. Siumwi. Nilishikwa na aibu, maana Thobias, ninayefanya naye kazi duarani, alikuwa ameshawatangazia wote habari za blanketi. Lakini karatasi zako nimezisoma kila mchana tukipumzika, Thobias akisikiliza.

Baba yake Benadeta anaingia chumbani kwake mara sita. Nimehesabu. Anasema funga dirisha, vaa hili, hakimu anakuja. Hata mara moja hamsalimu, hamwambii mwangaluka. Kwetu hata mpita njia unamuuliza ameamkaje, na watu wa kwake wameamkaje, halafu unasimama ungoje akujibu. Mimi naona kule darajani alikuwa akimngoja mtu wa kumuuliza hivyo tu. Wala mtu huyo asingelazimika kuwa yule kijana.

Thobias anasema kosa ni la baba. Nami nakubali, na imeniuma kukubali. Nilimwahidi mama yako nyumba ya bati. Dhahabu haikutoka, naye akafa. Naona haya kukutazama nikiwa mikono mitupu.

Baba yako

Shinyanga, 20 Mei 2024

Baba,

Jibu lako nimeliandika lote. Mwalimu Kudra alinitaka nilisome mbele ya darasa, kisha akauliza limetoka wapi. Nikasema kwa baba. Akauliza baba yangu anafundisha shule gani. Nikasema duara, darasa zima likacheka isipokuwa yeye.

Nimesoma upya barua zetu. Shikamoo ipo, marahaba ipo, lakini nikikuuliza hali yako leo, unajibu baada ya wiki tatu, na wakati huo mimi nimeshakuwa na hali nyingine. Nyumba ya bati sikuwahi kuiomba. Nina upweke, Baba, mwingi, na sina mwingine wa kumwambia.

Barua hii haina salamu. Sijakosa adabu. Ukiitaka salamu, ifuate huku.

Mwanao,
Justa

Getini, Ijumaa, 31 Mei 2024

Justa,

Nami sikuandika salamu humu. Nimekuja nayo.

Mlinzi amekubali kukuletea kikaratasi hiki. Wenzako wanatoka na mabegi, na kila mmoja namkazia macho, maana sijui umerefuka kiasi gani. Wewe utanitambua kwa shati. Ni lile nililovaa tulipomzika mama yako, sina jingine la maana. Mkononi sina kitu, usitegemee zawadi.

Njoo nikuulize umeamkaje. Nitasimama mpaka unijibu.

Baba yako