Namba Zinazoruhusiwa Kuingia

Tarehe 6 Februari

Shemeji,

Habari za huko? Wanangu wanaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili tu. Mashuka ya wodi aliyolazwa kaka yako bado yanaletwa dobini, nami nayafua.

Mtihani ni tarehe 2 mwezi ujao. Nikikosa hesabu, chuo cha maabara hakinichukui. Kuna swali limenikwamisha: f(x) = √(x − 3), g(x) = x². Tafuta namba zinazoruhusiwa kuingia katika g(f(x)). Niliona kipeo cha pili kinafuta kipeuo, inabaki x − 3, nayo haikatai namba. Nikaandika: zote. Kaka yako akaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, akapiga miayo, akasema, "Kesho nitakueleza, bibie." Asubuhi tukampeleka hospitali, hakurudi.

Jana nimejaribu tena. Napata zote.

Shemeji yako

Tarehe 15 Februari

Shemeji mkaidi,

Salamu zimefika, watoto wanakuamkia. Mimi nimechoka tu. Watu wakinipa pole najibu asante kama karani wa dirishani.

Mimi mpima ardhi sina subira ya marehemu, basi sikiliza mara moja. Ingiza 1. Anza ndani, kwa f: 1 − 3 ni −2. Kipeuo cha pili cha −2 hakipo kwenye namba zetu. Basi 1 imekwama kwa f, haikufika kwa g ikasaidiwe. Ukifupisha, alama ya kipeuo inatoweka lakini katazo lake linabaki. Kwa hiyo tafuta kabla hujafupisha: x − 3 isipungue 0, yaani x ianzie 3 kwenda juu.

Umeona? Nijibu.

Shemeji yako

Tarehe 9 Machi

Shemeji,

Hujambo? Kimya chako kinanitisha. Mtihani umepita wiki nzima. Ulikwenda? Kama hukwenda, sema tu, sitakugombeza.

Shemeji yako

Tarehe 20 Machi

Shemeji,

Nisamehe kwa kimya. Ninyi wazima? Mimi siku hizi nalala na viatu.

Barua yako niliielewa siku ileile, nikakasirika. Jambo la dakika tano, kaka yako akaliweka kesho! Nikafunga daftari, nikaapa siendi. Siku yenyewe nilivaa nguo za kazi, miguu ikanipeleka kwenye mtihani. Nilichelewa robo saa. Swali lilikuwepo, safari hii √(x + 4). Nikaandika x ≥ −4. Mengine sijui, majibu bado.

Tulipotoka, mtahiniwa aliyekaa nyuma yangu, mama mmoja mpishi wa shule, akanishika mkono. "Dada, kile kipeuo si kilijifia chenyewe? Mimi nimeandika zote."

Tukakaa kwenye ngazi. Nikamweleza taratibu, kwa kuingiza −5, mpaka akajipiga paji la uso.

"Loo! Nani kakufundisha vizuri hivi?"

Nikamwambia, mume wangu.

Usinune, shemeji.

Shemeji yako